Mwanafunzi wa Nje ya Dirisha

Siku hizi walimu vijana wakirudi kutoka semina hupita kwangu kunisalimia, na kabla chai haijapoa huwa wameshaanza kunieleza jinsi ya kumfundisha mtoto mwenye kipaji. Wanasema asichanganywe na wengine kiholela. Apewe mazingira yake, asikilizwe, atunzwe. Nawasikiliza tu, maana mimi nilifundishwa hivyo hivyo kabla wao hawajazaliwa. Nilipewa mazingira yangu, tena ya peke yangu: jiwe moja nje ya ukuta wa shule, chini ya dirisha, huku Ibaba kwetu ambako ukungu huingia asubuhi bila kubisha hodi na kuondoka unapojisikia. Nilikaa juu ya jiwe lile zaidi ya miaka miwili kwa kosa la kuwa na akili. Wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani bibi anatia chumvi.

Shule yetu ilikuwa ya misheni. Chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, dirisha moja lisilo na mbao wala kioo. Kengele ilikuwa jembe bovu lililotundikwa mtini. Mwalimu pia alikuwa mmoja, mwenyeji wetu kabisa, mfugaji mtoto wa mfugaji, ambaye wamisionari walimpeleka kozi upande wa Rungwe akarudi na kaptula ya kaki, filimbi na maarifa mapya. Jumapili alisimama kanisani akaziponda mila za wazee mpaka mate yakaruka. Jumatatu alitufundisha kusoma na hesabu, na nitamsema vibaya kwa mengi lakini si kwa hilo: alifundisha vizuri.

Katika maarifa aliyorudi nayo, kubwa kuliko yote lilikuwa hili, kwamba watoto hawalingani akili na haifai kuwafundisha kana kwamba wanalingana. Akatupanga. Benchi la mbele liliitwa la vichwa. La katikati lilikuwa la wastani. La nyuma, karibu na mlango kulikokuwa na baridi, lilikuwa la wazito. Wazazi wa wazito hawakulala. Walianza kuleta kuku nyumbani kwa mwalimu, wakiomba watoto wao wasogezwe mbele. Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Kuku aliwapokea, kisha akalisogeza benchi zima la nyuma hatua moja mbele, wazito wote kwa pamoja, wakabaki nyuma vilevile.

Mimi nilikuwa benchi la vichwa, msichana peke yangu. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Benchi la wazito alikaa mtoto wa mwalimu mwenyewe, kijana mpole, mwenye mkono mzuri wa kukamua, aliyeweza kumtambua ng'ombe kwa mlio akiwa ng'ambo ya bonde. Lakini saba kujumlisha na tano ilimpa jibu jipya kila siku. Baba yake alimtazama akijibu, akafumba macho, akapumua.

Sasa, mfugaji akiona ndama mzuri kwenye zizi la jirani hatulii. Mwalimu alikuwa akinitazama nikifanya hesabu ubaoni, na sisi tulidhani anafikiria elimu. Baadaye mkewe alimsimulia mama yangu alivyokuwa akisema nyumbani: kichwa kile kisitoke nje, kiingie kwenye ukoo huu, wajukuu watapona. Jumamosi moja ng'ombe wake wakaingia zizini kwetu, mahari ya mwanawe. Baba alifurahi hadi akasahau kula. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno.

Hapa lazima nieleze mila, kwa sababu hata vijana wetu wa siku hizi wameisahau. Kwetu, ng'ombe wakishapokelewa, msichana ni mkamwana hata kama bado anacheza na wenzake. Na mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwa chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Akimwona anakuja njiani, mkamwana huingia kichakani na kugeuza uso. Baba mkwe akiwa ndani ya nyumba, mkamwana hatii mguu. Na baba mkwe naye amefungwa vilevile: akijua mkamwana yuko mahali fulani hukohoa, huinamisha kichwa, hupita mbali. Macho yao yakikutana ni aibu ya koo mbili.

Mwalimu alizaliwa ndani ya hayo yote na aliyajua kuliko hata kanuni za imani. Ila kwa furaha ya kupata mbegu nzuri alisahau jambo moja dogo, kwamba mkamwana wake ni mwanafunzi wake. Mtu aliyeweza kutugawa kwa akili katika mabenchi matatu, hilo halikumjia kichwani.

Likamjia Jumatatu. Niliingia darasani kama kawaida, maana ng'ombe niliwaona ni mambo ya watu wazima. Mwalimu alikuwa anaandika. Akageuka, akaniona, chaki ikamponyoka. Akajifunika uso kwa kifutio na kuruka nyuma ya ubao, ambao ulisimama kwa miguu yake mitatu ya miti. Tukabaki tunaona soksi tu.

"Aliyeingia sasa hivi atoke," sauti ikasema nyuma ya ubao.

Nikadhani anamwambia mwingine. Nikaenda zangu benchi la vichwa, nikakaa. Ubao ukatetemeka.

"Darasa! Mwambieni huyo aliyekaa atoke!"

Nilirudi nyumbani nikilia kwa kwikwi. Nilikuwa nimefukuzwa shule bila kosa, kwa sababu mwalimu amenipenda mno. Mama hakulia. Mama alikuwa na hasira za kimyakimya ambazo hata baba alizikimbia. Yeye aliolewa kabla hajajua anaolewa, aliniambia hivyo waziwazi, na alikuwa na shabaha moja juu yangu: shule ya bweni ya misheni, kule chini Rungwe. Kila shule ya milimani iliruhusiwa kupeleka mtoto mmoja, yule ambaye mkaguzi angemridhia. Nikienda huko, mwaka baada ya mwaka ungepita kabla mtu hajazungumzia ndoa. Nisipoenda, ningekua, ningehamia nyumba ya pili kutoka hapo, na habari yangu ingeishia hapo.

Akaenda hadi uzio wa mwalimu, akasimama nje, akapaza sauti. "Baba, mtoto wangu amekosa nini?"

"Hajakosa," mwalimu akajibu kutoka ndani. "Ni heshima, mama. Unajua mwenyewe."

"Heshima ya macho naijua. Wewe ulilipia macho yasikutane. Masikio nayo umeyalipia ng'ombe gani?"

Mwalimu alikohoa mara mbili. Mwisho akasema, "Akae nje, chini ya dirisha. Awe ametupa mgongo."

Jiwe la kukalia aliliviringisha mchumba wangu mwenyewe kutoka mtoni. Nadhani ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya shuleni kwa moyo mmoja.

Hivyo ndivyo elimu yangu ya kipaji ilivyoanza. Nilikaa nimeupa ukuta mgongo, natazama mlima na mbuzi wa watu, huku masomo yakinipitia juu ya kichwa. Mwalimu hakuweza kuniuliza swali, kwa sababu kwake sikuwapo. Lakini alikuwa anaumia kuona maswali yake yanazeeka hewani bila mtu wa kuyajibu. Akatafuta njia. Alitazama paa na kusema, "Kama yuko mtu yeyote, mahali popote, anayejua jibu, aseme." Nami niliuambia mlima jibu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha. "Nimesikia upepo," aliliambia darasa. "Upepo umepata. Upigieni upepo makofi."

Nilipigiwa makofi mengi sana kama upepo. Kibao changu cha kuandikia kilipitishwa dirishani na mchumba wangu, ambaye alijaribu kunakili njiani, akanakili vibaya. Mvua ikinyesha nilijibana chini ya nyasi za paa na jani la mgomba kichwani, na matone yalichagua shingo yangu. Nilikohoa masika nzima. Nilichukia. Nasema hivi kwa sababu watu wanapenda nimalizie kwa kusema kwamba shida zilinijenga. Hazikunijenga. Zilinipa kifua.

Halafu akaja mkaguzi. Alikuwa Mzungu mrefu aliyepanda milima yetu kwa miguu na wapagazi wake, mwenye Kiswahili cha pwani kilichotutisha kuliko ndevu zake. Kabla hajaingia darasani alinikuta mimi kwenye jiwe. Akanizunguka. Akachungulia dirishani.

"Mwalimu, mtoto huyu ameadhibiwa?"

"Hapana, Bwana," mwalimu akajibu, uso ukiwa umeelekea ukuta wa pili. "Huyo ndiye mwenye akili kuliko wote."

"Ndiyo sababu yuko nje?"

 Aseme nini? Aseme kwamba yeye, mponda mila wa kila Jumapili, anamwogopa mtoto asiye na meno ya mbele kwa ajili ya mila? Na swali lenyewe, ukilitazama vizuri, jibu lake la kweli lilikuwa moja tu.

"Ndiyo, Bwana."

Mkaguzi akaniuliza hesabu tatu ngumu. Niliujibu mlima, zote sawasawa. Akavuta hewa ya Ibaba kwa pua zote mbili, nami nikaona wazo likimwingia pamoja na baridi. "Hewa safi," akasema. "Wengine wanasinzia ndani kwenye moshi na jasho. Wewe umemtenga mwenye kipaji, umempa hewa safi na utulivu. Nani alikufundisha njia hii?"

"Nilifikiri mwenyewe, Bwana," akasema mwalimu, na hilo pia, kwa namna yake, halikuwa uongo.

Mkaguzi alishuka milima akiitangaza njia ya hewa safi. Hazikupita mvua mbili, habari zikaanza kuturudia kupitia wafanyabiashara wa maharage. Kule Iyula walimu walikuwa wamewatoa vichwa wao nje, kando ya mashamba ya kahawa, wakiwa wametazama bonde. Msangano, ambako jua si mchezo, watoto wenye akili walikuwa wanababuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Lilikuwa jambo lililosifiwa na mkaguzi, basi likafanywa. Na hapa kwetu kuku wakaanza tena kuelekea kwa mwalimu. Safari hii wazazi waliomba watoto wao watolewe nje.

"Mbona wa jirani yuko nje na wangu bado yuko ndani?" mama mmoja alilalamika mlangoni pa kanisa. "Wangu ana upungufu gani?"

Nilimsikia, nikatamani kumpa jiwe langu na kikohozi changu kama nyongeza.

Mkaguzi alirudi mwaka uliofuata, na safari hii kwa kazi maalumu: kuchagua mtoto wa kwenda bweni. Mama aliniamsha mapema, akanipaka mafuta, akanifunga kitambaa safi.  Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alijua kama nilivyojua kwamba siku ile ndiyo siku.

Na mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Mkaguzi aliketi ndani, akawauliza vichwa wa ndani, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa yule wa nje. Aje ubaoni."

"Bwana," mwalimu akasema haraka, "yule akiingia ndani akili inapungua. Ni hewa."

"Basi tuone inapungua kiasi gani. Mwite."

Mwalimu hakuita. Hakuweza. Nikasikia mkaguzi mwenyewe ananiita, na mimi nikainuka kwenye jiwe, matone yakinitiririka mgongoni. Nisipoingia, nafasi imepotea. Nikiingia, nimevunja heshima ya koo mbili mbele ya Mzungu. Kisha, nikiwa katikati ya jiwe na mlango, likanijia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa muda wote ule: mwiko ule haukunifunga mimi peke yangu. Kama mimi sitakiwi kuwa mahali alipo, na yeye hatakiwi kuwa mahali nilipo. Kwa nini kila siku awe ni mimi ninayetoka?

Nikakohoa kwa sauti mlangoni, kumpa nafasi, kama adabu inavyotaka. Kisha nikaingia.

Mlango ulikuwa mmoja na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto, akashika kizingiti cha dirisha na kutoka kwa kichwa, soksi za kaki zikafuata. Tukasikia kishindo, na kauli moja ya Kindali, lugha yetu, ambayo hakuifundisha kanisani. Alikuwa ameangukia jiwe langu. Mvua ikampokea.

Nikachukua chaki. Nilifanya hesabu zote nilizopewa, na kwa mara ya kwanza nikayaona maandishi yangu ubaoni, yamenyooka, makubwa. Moyo ulinijaa. Kisha mkaguzi akatundua ramani ukutani, akaitandaza mezani.

"Nionyeshe Ziwa Nyasa."

Niliitazama karatasi ile. Ziwa Nyasa nilikuwa nalijua. Nilijua mito inayoingia, milima inayolizunguka, bandari zake zote kwa mpangilio. Lakini mbele yangu palikuwa na rangi na mistari, na sikujua hata juu ni wapi. Nilihisi mama, aliyekuwa amenisindikiza, huko nje chini ya mti ameacha kupumua.

"Huijui jiografia?"

"Naijua, Bwana. Lakini nimeisikia tu. Kule dirishani ramani haionekani."

Mkaguzi akageuka kulitazama dirisha. Ncha ya kofia ya mwalimu ilionekana hapo chini, inatiririka maji.

"Na mwalimu wako anafanya nini kule?"

 Vichwa wote benchi la mbele walijiangalia vidole vya miguu. Ndipo kutoka benchi la wazito akasimama mchumba wangu, taratibu, kama mtu anayeinuka kwenda kukamua.

"Bwana, huyu ni mkamwana wake. Hawaruhusiwi kuonana. Baba alinichumbia huyu, ndiyo maana akamweka nje." Akafikiri kidogo. "Lakini mimi simtaki, Bwana. Ananisahihisha. Mimi nataka ng'ombe wetu warudi."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha nadhani alikumbuka Iyula na Msangano, na watoto wote waliokuwa wameketi mvuani saa ile ile kwa ajili ya njia yake ya hewa safi, kwa sababu kicheko kilikatika ghafla na uso ukamwiva. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe mwenyewe, unataka kwenda shule?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nataka nini. Nilisema nataka. Nililisema kwa sauti kubwa mno, na benchi la wazito wakapiga makofi, safari hii si kwa upepo.

Ng'ombe walirudi. Wazee walikubaliana kwamba msichana aliyemtoa baba mkwe kupitia dirishani hafai tena kuwa mkamwana wa mtu huyo. Baba alininunia hadi siku ya kuondoka, hasa kwa ajili ya mtamba mmoja aliyekuwa amemzoea. Mama alinisindikiza mpaka pale njia inapoteremka, akageuka akarudi bila kuniaga, kwa sababu angelia.

Nilirudi Ibaba miaka ya hamsini nikiwa mwalimu, nikapewa shule ileile. Paa lilikuwa la bati, madirisha yalikuwa manne. Mwalimu wa zamani alikuwa amestaafu. Alikuwa ameacha kuhubiri dhidi ya mila, lakini akiniona njiani bado aliingia kichakani. Hakuna kilichomfunga, ng'ombe walisharudi zamani. Mwanzo nilifurahi kumwona anajikunyata kwenye magugu na umri ule. Kisha nikachoka, na mwisho ikaanza kuniuma, ingawa si sana.

Asubuhi moja ya ukungu, katikati ya somo, nikasikia mtu anakohoa nje. Nikaenda dirishani. Alikuwa amesimama pale chini, ameupa ukuta mgongo, amemshika mkono msichana mdogo. Mjukuu wake, mtoto wa yule mkamuaji.

"Mwalimu," aliuambia mlima, "nimemleta huyu. Ana kichwa. Jana watu wameleta ng'ombe kwa ajili yake." Akakohoa. "Nimewarudisha hukohuko walikotoka."

 Nilinyoosha mkono, nikamvuta mtoto ndani kupitia dirisha, nikamkalisha mbele, mkabala na ramani. Nilipogeuka, mzee alikuwa bado yuko pale. Alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Ingia ndani, mwalimu," nikamwambia. "Nje kuna baridi."

"Hapa pananitosha, mama. Si panasikika?"

"Panasikika," nikasema. "Ila ramani hutaiona."